Wimbo wa Taifa la Watu

Mume wangu alipuliza wimbo wa taifa kwa miaka thelathini na mmoja. Sisemi aliuimba, akiimba, hata mbwa hubadilisha njia. Aliupuliza. Alikuwa mpiga tuba kwenye bendi ya polisi, lile tarumbeta kubwa lenye mdomo kama beseni la kufulia, ambalo mtu halishiki bali analivaa. Waheshimiwa wakishuka kwenye ndege, yupo. Waheshimiwa wakizikwa, yupo. Hapo katikati waheshimiwa walifanya mambo yao mengine bila kumwita. Alipostaafu alipewa cheti chenye jina lake lililokosewa herufi mbili, pamoja na tuba yenyewe, kwa kuwa ilikuwa imebonyea ubavuni na hakuna mrithi aliyeitaka. Mtaani wanamwita Mzee Bendi. Na mimi humwita hivyo, tukiwa tumenuniana.

Ukitaka kumpa Mzee Bendi raha, muulize habari za vijana wa siku hizi. Kila alasiri rafiki yake huja kumuuliza. Rafiki huyo ni karani mstaafu wa ofisi ya ardhi; aligonga mihuri maisha yake yote mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Muhuri. Wao hukaa sebuleni. Mimi nakuwa barazani kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule. Nimeshona kaptula za watoto ambao sasa ni wakurugenzi, na wote walikuwa wakizichana mahali palepale. Dirisha la sebule liko wazi, na maneno ya wazee hao yananifikia nitake nisitake.

"Kijana wa leo," Mzee Bendi huanza, "ukimuuliza nchi ni nini, atakuonyesha simu."

"Na simu yenyewe si ya hapa," Muhuri humalizia.

"Sisi tulikuwa tunasimama! Wimbo ukilia, hata kama una jipu, unasimama."

"Hata kama jipu liko penyewe."

"Wao wanajua vitu tu. Vitu, vitu, vitu! Viatu vya jina, gari la jina. Nchi kwao ni mahali pa kuchajia simu wakisubiri viza."

Hayo huyasema akiwa kwenye kochi lake, na kochi hilo lazima nilieleze. Lina mpini pembeni. Ukiuvuta, mgongo unalala na miguu inanyanyuka, unakaa kama mgonjwa aliyevunjika nyonga. Mbele yake ipo televisheni pana kuliko dirisha. Jikoni ipo friji ya milango miwili inayotema barafu bila kuombwa. Vyote vilinunuliwa na binti yetu. Kutoka kwenye kochi hilo, miguu juu, glasi ya maji ya barafu mkononi, ndipo mume wangu alipokuwa akiilaani tamaa ya vitu. Naye Muhuri alimwitikia akiwa ndani ya raba nyeupe zenye soli nene kama mkate, alizotumiwa na mwanawe wa ng'ambo. Mwana huyo ana miaka tisa hajarudi. Muhuri hasemi amehama. Anasema yuko safarini.

Binti yetu ni kitindamimba, ana miaka ishirini na sita. Ndugu zake wameoa na kuolewa, wameenda zao. Yeye alibaki kwenye chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa stoo. Kuta zake alizibandika trei za mayai, kutoka sakafuni mpaka darini. Baba yake aliniuliza kama mtoto anataka kufuga kuku. Nikamwambia ni mapambo. Mimi nilijua zinazuia kelele, na nilijua kazi yake ni ya simu: watu wa ng'ambo wakiharibikiwa na vyombo vyao vya nyumbani, wanapiga, yeye anawatuliza na kuwaelekeza. Zamu yake ilianza saa sita mchana, wakati huko kwa wateja ndiyo kwanza wanapiga miayo. Zaidi ya hapo sikuuliza. Mama mwenye friji mpya hana maswali mengi.

Mambo yaliharibika siku umeme ulipokatika.

Betri ya akiba ilikuwa sebuleni, kwa ajili ya televisheni ya baba. Binti akaja na kompyuta yake, akaichomeka, akavaa vile visikilizio vyenye kijiti cha kuongelea mdomoni, akageukia ukutani na kufanya kazi kwa sauti ya chini. Baba yake alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi. Nje jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia.

"Asante kwa kupiga, naitwa Rebeka," binti akasema, kwa lugha ya wateja wake na lafudhi ambayo sijui aliipata wapi, maana kwetu sisi haipo. "Ndiyo mama, nipo hapahapa nchini. Hata huku kwetu mvua imetunyeshea tangu asubuhi, tumeloa chapachapa."

Mdomo wa Mzee Bendi ukafunga. Jicho moja likafunguka, kisha la pili. Alisubiri mpaka binti alipomaliza na kuvua visikilizio.

"Rebeka ni nani?"

Mtoto aliruka kidogo. "Ni jina la kazi, baba."

"Na hiyo mvua?"

"Ni mvua ya kazi."

Jioni hiyohiyo kikaitishwa kikao. Muhuri aliitwa awe shahidi, ingawa hakuna aliyekuwa anakwenda mahakamani. Mzee Bendi alipanda kochini kama hakimu anavyopanda kitini, akavuta mpini kwa mazoea, miguu ikanyanyuka. Akaanza.

"Nimepuliza wimbo wa nchi hii nikiwa na malaria. Nimeupuliza mvua inanyesha ndani ya tuba, maji yanatoka kwa juu kama chemchemi. Halafu damu yangu, inayoitwa jina la mama yangu mzazi, inakaa chini ya paa langu na kumwambia mtu baki kwamba inaitwa Rebeka! Umeikana nchi yako!"

"Nimeikana kwa saa nane, baba, na katikati kuna mapumziko ya chakula," binti akasema. "Zamu ikiisha nakuwa raia."

Muhuri akacheka, kisha akakumbuka ni shahidi, akanyamaza.

"Unaona ni mchezo?"

"Sioni mchezo. Mteja akijua niko mbali anakata simu, au anaanza kuniuliza kama tuna barabara. Akisikia Rebeka anasubiri mpaka mwisho. Mimi ni yuleyule, maelezo ni yaleyale. Kilichobadilika ni jina tu."

"Jina ndilo mtu! Nyinyi vijana mtauza hata makaburi, ilimradi mpate vitu."

"Vitu?" Binti alisimama. Mtoto huyu ni mpole, lakini akisimama ujue sukari imekwisha. "Baba, kwenye kabati lile kuna sahani ishirini na nne zenye maua. Nimezaliwa nimezikuta. Sijawahi kulia chakula hata kwenye moja. Nilipokuwa na miaka saba nilichapwa kwa kuigusa glasi, tena kuigusa, sikuivunja. Mimi hela yangu nikiipata natumia, nakula na nyinyi, naenda kutembea na wenzangu, inaisha. Nani hapa anapenda vitu?"

Hapo nilikohoa, maana kabati ni langu.

"Usibadilishe mada!" Mzee Bendi akafoka. "Nchi unaitumikia bila kuuliza utapata nini. Sisi hatukuuliza."

Kusema kweli sikupanga kuingilia. Lakini nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na minane, na kuna uongo ambao mke huuvumilia mezani na uongo ambao humkwama kooni.

"Mwambie mtoto ulijiungaje na bendi," nikasema.

Akanitazama kama nimemvua nguo mbele za watu. Nikamsimulia mtoto mwenyewe. Baba yake alikuwa kijana wa miaka ishirini, hana kiatu. Bendi ikapita barabarani. Hakuuona utaifa wala bendera. Aliona viatu vyeusi jozi thelathini, vinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Akavifuata kwa miguu mitupu hadi kambini, akauliza vinapatikanaje. Wakamwambia tuna nafasi moja, ya kitu kizito ambacho hakuna anayekitaka. Babu yake mtoto, aliyekuwa mhunzi na alitaka mwanawe arithi mivukuto, alimfungia mlango. Alisema: vijana wa siku hizi wanauza ukoo kwa ajili ya viatu.

Mzee Bendi akanyanyua kidole.

"Vilikuwa viatu vya taifa," akasema.

Muhuri alicheka mpaka akapaliwa. Mume wangu akataka kuondoka kwa heshima, lakini mpini wa kochi ukagoma, miguu ikabaki juu, na heshima ya mtu ambaye miguu yake iko juu ni kidogo sana. Ikabidi binti yake amvute mikono yote miwili. Aliposimama wima akakung'uta shati na kutoa hukumu: Rebeka asilale kwenye nyumba hii.

"Rebeka halali hapa," binti akajibu. "Anayelala hapa ni mwanao." Akaenda kulala.

Kuanzia kesho yake ikawa vita. Saa sita mchana, zamu ikianza, Mzee Bendi alisimama sebuleni, akavaa tuba, akapuliza wimbo wa taifa. Wote, beti zote. Akimaliza alipumzika, akanywa maji, akarudia. Trei za mayai huzuia sauti ya mtu; tuba ya polisi haikuzisikia wala haikuwa na habari nazo. Binti aliegemeza godoro mlangoni. Alijifunika blanketi yeye na kompyuta, akatoka zamu amelowa jasho kama aliyetoka kukimbia. Mteja mmoja alimuuliza kama anafanya kazi bandarini. Mwingine alimpa pole kwa ng'ombe anayezaa. Majirani walianza kwa kusimama, kwa heshima. Siku ya tatu walisimama kuja kulalamika. Nami nilimwambia mume wangu kwamba akiendelea nitaishona mdomo ile tuba, uzi ninao na sindano ninazo. Akasema nchi haishonwi mdomo.

Ikaingia wiki ya pili. Siku ya Jumanne nilikuwa sebuleni nimeshika marinda ya sketi, pini mdomoni, nikaona mlango wa chumba cha nyuma unafunguka. Binti alitoka amebeba kompyuta kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba supu ya moto.

"Baba," akanong'ona, "kuna mteja anataka kuongea na wewe."

Alitueleza haraka, huku ameziba kinasa sauti cha kompyuta kwa kidole. Mteja alikuwa mzee wa kiume. Mashine yake ya kufulia ikizungusha nguo ilikuwa inatembea. Asubuhi hiyo aliikuta imefika mlangoni kama inayotaka kutoka. Walikuwa katikati ya kuinyoosha miguu yake pale aliposema: nani huyo anapuliza tuba? Binti akasema ni redio. Mzee akasema: redio gani inayokosea kubonyeza pistoni ya tatu mara mbili, mahali palepale? Nimepuliza tuba miaka arobaini kwenye bendi ya wazimamoto, usinidanganye. Mtoto akasema ni baba yangu. Mzee akasema: nipe huyo mtu.

Mume wangu akatua tuba. Akafunga kifungo cha shati. Niliona jicho lake lilivyong'aa. Lilikuwa jicho la mtu aliyeletewa adui yake amefungwa kamba.

"Vizuri," akasema. "Leo namwambia. Huyo bwana atajua uko wapi na unaitwa nani."

Binti hakumwomba. Aliweka kompyuta juu ya meza, akaifungulia sauti ili tusikie sote, akarudi nyuma hatua mbili. Mikono aliificha kwapani.

Mwanzo walisalimiana kwa kukoroma, kama wazee wawili wanaogombania benchi. Kisha wakaingia kwenye tuba. Lugha ile mimi naisikia kuliko ninavyoisema, na yaliyonipita nilielezwa baadaye. Lakini mengi yalikuwa ya mate. Mate yanavyojaa kwenye mabomba. Midomo inavyokufa ganzi. Wapiga tarumbeta ndogo wanavyopigiwa makofi ilhali mpiga tuba ndiye anayebeba nyumba nzima. Mume wangu alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu alipostaafu. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kumuuliza habari za mate.

Ndipo mzee wa kule akauliza, "Na uko wapi, rafiki yangu? Upande gani wa mji?"

Mzee Bendi alivuta pumzi. Aliivuta kutoka tumboni, kifua kikapanda, kama anavyofanya kabla ya noti ndefu. Akamtazama binti yake. Binti alikuwa anatazama sakafu.

"Nipo hapahapa," mume wangu akasema. "Hapahapa mjini kwenu." Akalitazama jua dirishani. "Na mvua hii, sijui itakatika lini."

Pini moja ilinidondoka mdomoni. Mvua hakuna aliyemwomba. Aliiongeza mwenyewe.

"Na ule wimbo uliokuwa unapuliza ni wa wapi?"

"Ule?" Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Wa nchi moja hivi. Ya mbali. Niliwahi kupita huko zamani. Watu wake wazuri, ila wana kelele."

"Basi nipulizie wa kwetu," mzee wa kule akasema. "Kama unaujua."

Kama anaujua! Bendi ya polisi ilipokea wageni wa kila aina; mume wangu alikuwa na nyimbo za mataifa arobaini na tatu kichwani, zikiwemo za mataifa mawili ambayo siku hizi hayapo tena. Alivaa tuba. Visigino vikagongana, tumbo likaingia ndani mahali ambapo sikujua kuna nafasi. Akaupuliza wimbo wa taifa la watu sebuleni kwetu, katikati ya friji na kabati, polepole, bila kukosea hata mahali pamoja.

Wakati huo Muhuri akaingia kwa maongezi yake ya alasiri. Alimkuta mwenzake kasimama wima anapuliza wimbo asioujua, binti kasimama, mimi nimesimama. Hakuuliza. Alivua kofia, akaiweka kifuani, akaunganisha raba zake nyeupe na kukazia macho televisheni iliyozimwa. Nilimwona chozi linamlenga. Baadaye alisema alidhani kuna mheshimiwa amefariki.

Tuba iliponyamaza, tukasikia upande wa pili mtu anapenga kamasi.

"Nimesimama," mzee wa kule akasema. "Nina goti bovu, lakini nimesimama. Peke yangu jikoni, na hii mashine." Akapenga tena. "Wanangu wangeniona wangecheka. Vijana wa siku hizi..."

"Hata usiniambie," akasema mume wangu, akivuta kiti.

Dakika ishirini! Hapo sikuhitaji mkalimani. Hawasimami. Hawasimami kabisa. Hawajui walikotoka. Wanajua vitu tu. Mwana mkubwa wa yule mzee alikuwa amehamia nchi nyingine kwa sababu ya hali ya hewa, tena hana aibu ya kusema. Wa pili ana televisheni kubwa kuliko dirisha.

"Aibu," mume wangu akasema, ameipa mgongo televisheni yetu.

Mwisho mzee yule akamshukuru. "Una binti mzuri," akasema. "Mashine yangu imetulia. Kuna watu nimewapigia hapa karibu, wakanipitishapitisha saa nzima, yeye alinisikiliza. Mwambie nimempa alama zote." Kisha akaongeza, "Na mwambie huyo jogoo wenu apunguze sauti. Mjini kwetu walipiga marufuku majogoo mwaka niliooa."

Tukamsikia anacheka, kisha simu ikakatika. Jogoo wa jirani, aliyekuwa akiwika uani muda wote huo, akawika tena.

"Amejua," binti akasema.

"Amejua nini?" akauliza Muhuri, kofia bado kifuani. "Kwani nani amekufa?"

Siku hiyo tuba haikulia tena. Wala kesho yake. Lakini simu zile zote zinarekodiwa na kusikilizwa, na Ijumaa binti akaitwa ofisini. Ofisi iko ghorofa ya sita katikati ya mji. Mzee Bendi akasema hatakwenda peke yake. Alitoa sanduku, akavaa koti la bendi lenye vifungo vya shaba. Nilimfumulia mishono ya pembeni kadiri kitambaa kilivyoruhusu, na bado vifungo viwili vya chini viligoma. Alikwenda hivyohivyo.

Yaliyotokea huko alinisimulia binti. Msimamizi wake alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, kavaa kofia ya sufu ndani ya nyumba. Kabla hajasema neno, Mzee Bendi alisimama mbele ya meza yake.

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepuliza na mimi ndiye niliyedanganya. Binti hakuniomba."

Msimamizi akamtazama, akatazama vifungo, akabonyeza kitu kwenye kompyuta. Maongezi yote yakamwagika ofisini. Vijana waliokuwa wamepangwa kwenye meza zao, safu kwa safu kama kwenye mtihani, mmoja mmoja wakavua visikilizio. Ilipofika "wana kelele" walicheka. Ilipofika "aibu" msimamizi aliweka kichwa mezani. Aliponyanyuka alikuwa anafuta machozi kwa ile kofia.

"Mzee, nina miaka minne hapa, sijasikia simu nzuri kama hii."

"Kwa hiyo binti anabaki."

"Hapana," msimamizi akasema, na kicheko kikamfutika usoni. "Mtu wa nje haruhusiwi kwenye laini. Wenye kampuni wameshaisikia. Siyo mimi, mzee."

"Wenye kampuni wako wapi?"

"Huko."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Braiani."

"Nakuuliza jina la kwenu."

Kijana aligeuka kuona nani anasikiliza, kisha akalitaja, taratibu. Lilikuwa jina la watu, refu, la ukoo.

"Jina zuri," mume wangu akasema. "Mama yako anajua umeliacha mlangoni?" Lakini hakulisema kwa ukali. Binti anasema alimshika kijana bega, wakapeana mikono, na kwamba Braiani ndiye aliyewasindikiza hadi chini, ghorofa zote sita, akiwa amebeba kikombe cha chai cha binti na mto wake wa kukalia, vilivyobaki hapo tangu siku za mafunzo.

Njiani binti akamuuliza, "Baba, kwa nini hukumwambia ukweli? Si ulikuwa umeapa?"

Akafungua kifungo cha juu cha koti.

"Nilishavuta pumzi ya ukweli," akasema. "Ikatoka uongo. Tuba nayo huwa hivyo. Unavuta pumzi ya noti hii, inatoka ile."

"Kwa hiyo ulikosea noti."

"Sikukosea," akasema. Wakanunua mahindi ya kuchoma, wakayala wakiwa wanatembea, mtu na koti lake la gwaride.

Miezi miwili binti alikaa nyumbani, akinisaidia kushona. Kola zake zilipinda kama barabara ya mlimani, na nilizifumua usiku ili asinione. Baba yake alizunguka nyumba kama paka aliyevunja sahani. Kila aliporudi kutoka dukani alileta gazeti lenye nafasi za kazi, akaliacha juu ya meza, akasema amelinunua kwa ajili ya michezo. Muhuri naye alijitolea kumwandikia mwanawe aliye safarini amtafutie binti nafasi huko. Mzee Bendi alitazama raba za mwenzake, kisha akasema: "Muulize kwanza yeye anarudi lini." Muhuri hakuja kwa siku nne. Alipokuja alisema amemuuliza. Hakusema alijibiwaje, na sisi tukamwekea chai.

Kisha binti akapata kazi kwenye shirika la maji la hapahapa kwetu, kitengo cha malalamiko. Simu zilezile, visikilizio vilevile, mshahara nusu. Anatumia jina lake. Siku ya kwanza alirudi amechoka, akajitupa sakafuni.

"Wa kule walikuwa wananilalamikia," akasema. "Wa kwetu wananitukana. Tena kwa lugha ambayo naielewa vizuri. Leo jina langu limetukanwa mara kumi na nne."

Mzee Bendi alinyanyuka. "Jina la mama yangu? Nani? Wanakaa wapi?" Alipoona binti anacheka, akakaa tena, akafikiri. "Hivi huwezi kuwaambia unaitwa Rebeka?"

"Baba!"

"Nauliza tu."

Wiki ya tatu alitusimulia habari ya mama mmoja aliyepiga kila siku. Bomba lililopasuka mbele ya nyumba yake lilikuwa linamwaga maji mwezi mzima, fundi anaahidi, haendi. Binti alimpigia fundi asubuhi, mchana na jioni. Alimpigia mpaka mke wa fundi akapokea na kuchukua upande wake. Bomba likazibwa. Mama yule akapiga tena, hakuwa na shida, alitaka tu kujua aliyemsaidia anaitwa nani ili amtaje vizuri kwenye sala. Binti akamtajia, na mama akalirudia mara mbili asilisahau.

Muhuri akasema hata mashirika siku hizi si kama zamani. Mume wangu safari hii aliuliza bomba lenyewe liko mtaa gani, binti akamwambia.

Asubuhi iliyofuata alitoka bila kuaga. Alirudi saa tano, suruali ina tope mpaka magotini. Akasimama mbele ya cherehani yangu na kusema amekwenda kuliona lile bomba, limezibwa vizuri, hakuna hata tone. Ila fundi alikuwa ameacha lundo la udongo katikati ya njia ya watu, na hakuona koleo, kwa hiyo ameuondoa kwa mikono.

Aliponyoosha mikono anionyeshe, nikamwambia akanawe kwanza kabla hajazigusa sare za watoto wa watu.